Kabla ya Kinanda, Manyanga: Kuwafundisha Watoto Wadogo Muziki kwa Ala Nyepesi za Midundo



Wazazi wa Mbagala na Chamazi, sawa na wale wa Tegeta na Bunju, hutuuliza swali moja baada ya Misa ya watoto: "Mwanangu anapenda muziki, parokia itanunua lini kinanda cha watoto?" Swali hilo lina uchungu wake. Kinanda kilichopo ni cha kwaya, kimepatikana kwa michango ya miaka, na mtoto akikisogelea huambiwa asiguse. Huku pembezoni mwa jiji, ambako vigango vingine bado husali katika banda la mabati, kinanda cha pili hakimo katika bajeti ya mtu yeyote. Basi mtoto huambiwa angoje. Angoje apate Komunyo ya Kwanza, angoje afike darasa la tano, angoje kwaya ya vijana impokee. Afikapo huko, mara nyingi ameshaamini kwamba muziki ni wa watu wengine.

Sisi tunaowalea watoto wa Utoto Mtakatifu tunalo jibu tofauti na lile la kungoja. Mtoto wa miaka minne hadi minane hahitaji kinanda ili aanze muziki. Anahitaji mtu mzima mwenye subira, wenzake kumi na watano, na kapu la ala za kugonga na kutikisa, ambazo nyingi hutengenezwa kwa vitu vilivyomo nyumbani. Tena tunathubutu kusema kwamba hata penye fedha ya kinanda, pa kuanzia ni hapo hapo kwenye kapu. Katika makala hii tunaeleza kwa nini, na namna ya kufanya.

Mdundo hujifunzwa kwa mtu

Vinanda vya siku hizi vina kitufe cha midundo. Mpigaji hukibonyeza, ngoma ya mashine huanza, na kwaya nzima hufuata. Huo ni msaada kwa watu wazima ambao tayari wana mdundo mwilini. Kwa mtoto mdogo mambo ni tofauti. Mwaka 2009 watafiti Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, wa Leipzig nchini Ujerumani, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya watoto wa miaka miwili na nusu, mitatu na nusu, na minne na nusu. Kila mtoto alipewa ngoma ili apige pamoja na mwenzi. Mara mwenzi huyo alikuwa mtu, mara mashine yenye kupiga ngoma, mara sauti tupu itokayo katika spika. Watoto, wakiwemo wale wadogo kabisa, walilingana na mapigo vizuri zaidi walipopiga pamoja na mtu. Mwaka uliofuata watafiti hao hao walionesha kwamba watoto wa miaka minne waliocheza na kuimba pamoja kwa ala walisaidiana na kushirikiana zaidi baadaye, kuliko wenzao waliocheza mchezo wa namna hiyo bila muziki.

Kwa waliolelewa uswahilini, hayo si mageni. Hakuna aliyejifunza mchezo wa ukuti kwa mashine. Tulishikana mikono, tukaufuata mwendo wa duara, na aliyekosea alirekebishwa na mikono miwili iliyomshika kulia na kushoto. Ndivyo ilivyo kwa michezo ya kupigiana makofi ambayo wasichana wa Tandika huicheza mpaka leo wakisubiri zamu ya kuteka maji. Mtoto huyafuata mapigo kwa sababu anamfuata mtu.

Mlezi azingatie jambo jingine: mwendo wa asili wa mtoto ni wa haraka kuliko wa mtu mzima. Tukimlazimisha mtoto wa miaka minne apige taratibu kama kwaya ya akina mama, atatutangulia, nasi tutamdhania hana sikio la muziki. Busara ni kumfuata kwanza. Mwache apige kwa mwendo wake, mlezi ajiunge naye, kisha kidogo kidogo amvute mtoto kwenye mwendo wa pamoja.

Mwalimu wa muziki Carl Orff, aliyeanzisha shule pamoja na Dorothee Günther mjini Munich mwaka 1924, aliijenga njia yake juu ya msingi huo. Yeye na mwenzake Gunild Keetman waliunganisha maneno, mwendo wa mwili, na ala rahisi za kugonga, na waliziweka kabla ya noti za karatasini. Njia hiyo imeenea duniani. Kwetu inafaa kwa urahisi, kwa kuwa inaanza pale ambapo bibi zetu walianzia.

Ngoma na Kanisa

Si wote wanaotuelewa mara moja. Katika kigango kimoja, mzee wa kanisa alisimama mlangoni akatuuliza kama tunawafundisha watoto mdundiko. Hakuwa akitania. Kwa wakazi wa Temeke na Kinondoni, mdundiko ni ngoma ya Wazaramo ipitayo mitaani, nayo huwavuta watoto wakafuata hadi mitaa wasiyoijua, huku wazazi wakiwatafuta jioni nzima. Mzee alikuwa na haki ya kuuliza, nasi tulikuwa na wajibu wa kujibu.

Wasiwasi wake una mizizi hata katika historia ya Kanisa. Tarehe 22 Novemba 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, Papa Pio X alitoa hati juu ya muziki mtakatifu. Humo alikataza matumizi ya piano kanisani, na pamoja nayo ala za kelele kama ngoma, matoazi na kengele. Tunaona basi kwamba piano na ngoma zilizuiwa siku moja. Anayeamini kwamba kinanda chenye sauti ya piano ndicho ala takatifu na ngoma ni ya mtaani, na alikumbuke hilo.

Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, Padre Guido Haazen alikuwa na kwaya ya wavulana na walimu wao, ikaimba Misa iliyojulikana kama Missa Luba, ikisindikizwa na ngoma za kwao. Mwaka huo huo kwaya hiyo ilisafiri Ulaya. Hapa kwetu, Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kilichochunguza sheria ya Kanisa juu ya muziki mtakatifu na namna inavyohusika na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Hati juu ya Liturujia. Hati hiyo ilitaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, na ikaruhusu ala nyingine zitumike katika ibada, kwa idhini ya mamlaka husika, mradi zinafaa kwa matumizi matakatifu.

Kuhusu watoto, Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto wa tarehe 1 Novemba 1973 unasema wazi kwamba ala za muziki zaweza kusaidia sana katika Misa hizo, hasa zikipigwa na watoto wenyewe. Unaweka pia sharti: ala zisifunike sauti za waimbaji, wala zisigeuke kuwa kivutio cha macho badala ya msaada wa sala. Sharti hilo ndilo tulilomjibu nalo yule mzee. Siku hizi huketi nasi, na husema pale tunapozidisha.

Kapu lina nini?

Kapu letu lina ala za aina nne, na gharama yake ni ndogo.

Za kwanza ni manyanga. Penye kibuyu kikavu, kitumike. Pasipo kibuyu, chupa tupu ya maji ya nusu lita yatosha. Tunatia ndani punje za mahindi, mchele au kokoto ndogo, kiasi kisichozidi robo ya chupa, kwa maana chupa iliyojaa hainguruma bali hunong'ona. Tunawaacha watoto wasikilize tofauti: mchele husema kwa upole, mahindi kwa ukali kidogo, kokoto kwa kishindo. Kifuniko hufungwa kwa gundi, kisha kwa utepe imara. Hapa hatufanyi mzaha: punje moja ikimpalia mtoto yaweza kumuua, hivyo kila kipindi huanza kwa mlezi kukagua vifuniko.

Za pili ni vijiti. Mpini wa fagio uliokatwa vipande vya sentimita 20 hivi, ukasuguliwa kwa msasa, hutoa jozi kadhaa. Vifuu vya nazi navyo vimo katika kundi hili. Viwili vilivyosuguliwa vizuri hutoa mlio mtamu kuliko vingi vya dukani, na Dar es Salaam haina uhaba wa vifuu.

Za tatu ni ala za chuma: vizibo vya soda vilivyobondwa vikawa bapa, vikatobolewa na kutungwa kwenye waya, mfano wa njuga. Kutoboa na kukata ni kazi ya watu wazima. Kingo zote zisuguliwe mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Za nne ni ngoma. Ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kula, ikageuzwa chini juu, ni ngoma njema. Ndoo ya rangi hatuitumii, kwa ajili ya mabaki yake. Penye ngoma ya ngozi, hata moja, iwekwe mikononi mwa mlezi, kwa kuwa sauti yake nzito ndiyo nguzo ya kundi. Wakati wa masika ngozi hulegea kwa unyevu. Iwekwe juani kidogo kabla ya kipindi, na watoto waisikilize kabla na baada, wajue kwamba ala nayo ina hali yake.

Anayeweza kuongeza kayamba au matari na aongeze. Asiyeweza asione haya.

Anza bila ala

Mara ya kwanza tulikosea. Tulikuwa na watoto arobaini na ala arobaini, tukazigawa zote kwa pamoja. Kwa dakika kumi hapakuwa na muziki, bali mabati yaliyokuwa yakitetemeka. Wawili walilia, mmoja alijificha chini ya benchi akiwa ameziba masikio, na jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba. Tangu siku hiyo tuna kanuni: watoto wasizidi ishirini kwa mara moja, na hakuna ala inayotoka kapuni mpaka mikono na vinywa vimefanya kazi.

Tunaanza kwa majina ya mitaa. Kiswahili chenyewe ni mwalimu wa mdundo, kwa sababu maneno yake hugawanyika wazi katika silabi, na karibu kila neno huwa na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mlezi anasema "Temeke", watoto wanarudia huku wakipiga makofi: Te-me-ke, mapigo matatu, la katikati lina nguvu. Kisha Bunju, mapigo mawili. Kisha Kinondoni, mapigo manne, nguvu ikiwa ya tatu. Kila mtoto hutaja anakoishi, na wote humpigia makofi ya mtaa wake. Mtoto ambaye jina lake halijawahi kuitwa mbele ya watu anasikia nyumbani kwake pakipigwa na mikono ishirini.

Baada ya hapo tunatenganisha mambo mawili ambayo hata wanakwaya wazima huyachanganya: mapigo na mdundo. Mapigo ni mwendo usiobadilika, kama hatua za mtu anayetembea. Mdundo ni mpangilio wa maneno juu ya mwendo huo. Miguu hutembea mahali pamoja, nayo ndiyo mapigo. Mikono hupiga Kinondoni, Kinondoni, nayo ndiyo mdundo. Mtoto anayeweza kufanya yote mawili kwa pamoja amevuka kizingiti kikubwa. Tusiharakishe: wengine huvuka kwa wiki moja, wengine kwa muhula mzima.

Nusu saa ya Jumamosi

Kipindi chetu ni cha dakika thelathini, na kwa wenye miaka minne twaweza kuishia dakika ishirini. Dakika tano za kwanza ni za salamu, sala fupi na majina ya mitaa. Zinazofuata ni za mwili: makofi, mapaja, kifua, miguu. Kisha kapu linafunguliwa, na kila mtoto anapokea ala yake kwa mikono miwili, akiiweka sakafuni mbele yake bila kuitoa sauti. Hilo la kuiweka kimya ni gumu kuliko yote, na tunalisifu linapofanikiwa.

Hapo huja kujibizana. Mlezi hupiga mdundo mfupi, watoto hujibu. Baadaye mtoto mmoja hushika nafasi ya mlezi, na wote humjibu yeye, hata akipiga jambo la ajabu. Kisha tunagawa makundi mawili: ngoma na vifuu hushika Bunju, Bunju, manyanga hushika Kinondoni. Yanapokutana kwa mara ya kwanza bila kuanguka, nyuso za watoto hubadilika, kwa kuwa wamesikia kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kukifanya peke yake. Mwisho tunaimba wimbo mmoja wanaoujua, ala zikisindikiza kwa sauti ya chini, kisha kila ala hurudishwa kapuni na yule aliyeitumia.

Ala hubadilishwa kila wiki. Tusipofanya hivyo, ngoma itakuwa ya wavulana wenye nguvu na manyanga ya wasichana wapole, na tutakuwa tumefundisha jambo ambalo hatukukusudia.

Nyumba zetu zimesongamana, na majirani wana haki zao. Tunachagua saa ambayo wagonjwa na watoto wachanga hawasumbuki sana, na pale tunapopakana na msikiti tunapanga ratiba isiyogongana na swala. Aidha, kila kipindi huwa na walezi wawili au zaidi, milango ikiwa wazi na wazazi wakiwa wamearifiwa.

Mtoto asiyesikika

Tunamkumbuka mtoto mmoja, ambaye hatutamtaja, aliyekuja kwetu bila kusema neno kwa majuma mengi. Tulimpa vifuu, akavishika tu. Tulimwacha. Katika kujibizana, wiki moja, zamu ilipomfikia, aligonga mara mbili na kutulia. Wenzake ishirini wakamjibu mara mbili na kutulia. Aligonga tena. Hakusema siku hiyo, na hatukumwomba aseme. Lakini alikuwa ameuliza na kujibiwa, na tangu hapo alikuja mapema kuliko sisi.

Ala za midundo zina huruma hiyo. Hazimtaki mtoto awe na sauti nzuri, wala ajue kusoma, wala awe na mzazi wa kumlipia masomo. Hata mtoto asiyesikia vizuri ana nafasi: akiweka viganja juu ya ndoo inapogongwa na mwenzake, mtetemo humfikia. Evelyn Glennie wa Uskoti, ambaye usikivu wake ulipotea kwa kiasi kikubwa angali mtoto, amekuwa mpigaji wa ala za midundo anayejulikana duniani, na hupiga bila viatu ili ausikie muziki kwa miguu. Tunapomwona mama akimrudisha nyumbani mtoto wake kiziwi kwa kuona kwamba "huku ni muziki", tumkimbilie.

Kimya nacho ni muziki

Wengi hudhani kwamba kuwapa watoto ngoma ni kuwafundisha kelele. Uzoefu wetu ni kinyume chake. Mtoto hujua kimya ni nini pale anapoishika ala mkononi, anatamani kuipiga, na anangoja zamu yake. Ndiyo maana katika midundo yetu tunaweka nafasi tupu: Bunju, kimya, Bunju, kimya. Nafasi hiyo huhesabiwa kama mapigo mengine. Anayeipiga ameharibu, hata akiwa na nguvu kuliko wote.

Kalenda ya Kanisa inatusaidia. Wakati wa Kwaresima ala hutumika kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Basi Jumatano ya Majivu ikikaribia, watoto wenyewe hufunika kapu kwa kitambaa cha zambarau. Katika majuma hayo tunarudi kwenye makofi mepesi na majina ya mitaa. Wakati wa Pasaka kitambaa kinapoondolewa, hakuna haja ya kuwaeleza watoto kwa maneno mengi kwa nini kuna furaha.

Utoto Mtakatifu ulianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo la watoto kuwasaidia watoto. Tunawaomba walezi, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo walitazame kapu hili kwa jicho hilo. Watoto wakubwa wa parokia zenye uwezo wanaweza kukusanya chupa na vizibo, kutengeneza manyanga, na kuyapeleka kwenye kigango kisicho na chochote. Nao wasiishie kuyakabidhi: wakae chini, watwae vifuu, na wapige pamoja na wenzao. Mwalimu wa kwaya anayetaka kujua waimbaji wake wa miaka kumi ijayo wako wapi, aje Jumamosi. Wako sakafuni, ala zao ziko mbele yao, na wanangoja zamu.